Mchuma Pamba Aliyedai Kiti Barazani

Watu wapendao habari za siasa huuliza upesi ni nani aliyeshinda uchaguzi. Ni wachache waulizao swali linalotangulia hilo: ni nani aliyeruhusiwa kupiga kura, na ni nani aliyeruhusiwa kusimama mbele ya watu ili apigiwe? Lakini katika swali hilo ndimo ijulikanamo tabia ya serikali yoyote. Baraza laweza kuwa na sheria njema, jumba zuri na wasemaji hodari, kisha likawa baraza la watu wa rangi moja, wanaume watupu, wenye mali watupu, wakiwatungia sheria watu ambao hawajapata kuketi nao hata siku moja.

Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Bibi Fannie Lou Hamer wa jimbo la Mississippi, nchini Marekani, aliyefariki mwaka 1977. Mama huyu hakupata kuwa mbunge, wala seneta, wala waziri. Kila mara alipogombea kiti cha serikali alishindwa. Hata hivyo, wakihesabiwa watu waliowafungulia wanawake na watu weusi mlango wa uongozi katika taifa lile kubwa, jina lake haliwezi kurukwa. Wala hakuwa msomi au tajiri. Alikuwa mchuma pamba.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1917, kitinda mimba wa Jim na Lou Ella Townsend, waliokuwa na watoto 20. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, naye pamoja na mkewe walilima katika mashamba makubwa ya wazungu. Fannie Lou alipokuwa na umri wa miaka 2 hivi, jamaa yake ilihamia wilaya ya Sunflower, katika nchi tambarare iitwayo Delta, ambako udongo ni wenye rutuba nyingi na pamba ilikuwa imefunika kila upande.

Yafaa tueleze jinsi kilimo hicho kilivyokuwa. Mwenye shamba alitoa ardhi na kibanda. Alitoa pia mbegu, mbolea na posho, lakini hivyo vyote vilikuwa deni. Mkulima alitoa jasho lake na la watoto wake. Pamba ilipovunwa iligawanywa nusu kwa nusu. Lakini kabla mkulima hajapokea nusu yake, yalikatwa kwanza madeni yote, na daftari la madeni lilikaa mkononi mwa mwenye shamba. Mwisho wa mwaka wengi walijikuta hawana kitu, au wangali wakidaiwa, ikawabidi kuanza mwaka mwingine palepale. Utumwa ulikuwa umekomeshwa kwa sheria tangu mwaka 1865, lakini mtu asiyejua hesabu mbele ya mtu mwenye daftari hana uhuru mwingi.

Fannie Lou aliingia katika kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 6. Mwenye shamba alimwuliza kama aweza kuchuma ratli 30 za pamba kwa juma, akamwahidi vitu vitamu vya dukani. Mtoto akazichuma, akapewa. Juma lililofuata akatakiwa achume ratli 60. Alipofika umri wa miaka 13 alikuwa akichuma ratli 200 hadi 300 kwa siku moja, ingawa mguu wake mmoja ulikuwa na kilema. Shule ya watoto weusi ilifunguliwa miezi michache tu ya mwaka, wakati pamba haihitaji mikono, na alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi aliiacha ili awasaidie wazazi. Alikuwa amejifunza kusoma, akaendelea kuisoma Biblia na kila karatasi aliyoiokota.

Mwaka mmoja wazazi wake walibahatika kuvuna vizuri. Wakakodi ardhi yao wenyewe, wakanunua nyumbu na majembe ya kukokotwa, na mambo yakaanza kunyooka. Usiku mmoja mtu akatia sumu katika chakula cha wanyama, nyumbu wakafa. Jamaa ile ikarudi kwenye shamba la kugawana mavuno, wala haikuinuka tena. Mtoto aliyeona hayo alijifunza mapema kwamba kuna watu wasiotaka jirani yao aondoke katika umaskini.

Katika miaka ya 1940 aliolewa na Bwana Perry Hamer, dereva wa trekta katika shamba moja karibu na mji mdogo wa Ruleville. Wakakaa humo miaka 18. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, Bibi Hamer alifanywa karani wa shamba, akiandika saa za kazi na uzito wa pamba ya kila mchumaji. Hapo aliona jinsi mizani ilivyowapunja watu. Basi akawa akichukua jiwe lake la mizani lililo halali, akilitumia wakati msimamizi yuko mbali, ili wachumaji wapate haki yao. Huo ndio uongozi wake wa kwanza, nao haukupigiwa kura na mtu yeyote.

Mwaka 1961 alikwenda hospitali kuondolewa uvimbe tumboni. Waganga walimwondoa na kizazi pia, bila kumwuliza na bila kumwambia. Wakati ule wanawake maskini weusi wa jimbo lile walitendewa hivyo mara nyingi, hata watu wakakizoea kitendo hicho. Bibi Hamer na mumewe hawakupata mtoto wa kuzaa. Wakawalea wasichana wawili kama wanao. Hakuwa na mahali pa kushtaki. Hakimu, mganga, polisi na mbunge wote walikuwa watu ambao yeye hakuwa na sauti katika kuwaweka wala kuwaondoa.

Hapa yatupasa kurudi nyuma kidogo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu weusi wa Mississippi walipata kura. Jimbo hilohilo ndilo lililompeleka mtu mweusi wa kwanza katika Seneti ya Marekani, Hiram Revels, mwaka 1870, kisha Blanche Bruce mwaka 1875. Lakini wazungu waliokuwa wenye nguvu walirudi madarakani kwa bunduki na hila, na mwaka 1890 wakaandika katiba mpya ya jimbo. Katiba hiyo haikutamka kwamba mtu mweusi hapigi kura, kwani katiba ya taifa ingekataa. Ilisema tu kwamba mpiga kura awe amelipa kodi ya kichwa, na aweze kusoma au kufasiri kifungu cha katiba mbele ya karani. Wazee wetu walioijua kodi ya kichwa watafahamu uzito wake kwa maskini. Na huyo karani alikuwa mzungu. Ndiye aliyechagua kifungu, na ndiye aliyesema kama jibu ni sahihi. Kwa njia hiyo, mwaka 1964, watu weusi wa Mississippi walioandikishwa kupiga kura walikuwa karibu 7 tu katika kila 100 waliostahili.

Mwezi wa Agosti 1962 vijana wa chama cha wanafunzi cha kutetea haki, kilichojulikana kwa herufi SNCC, walifika Ruleville wakafanya mkutano kanisani. Bibi Hamer alikuwa na umri wa miaka 44, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mpaka siku ile hakujua kuwa mtu mweusi ana haki ya kujiandikisha. Walipoulizwa nani yu tayari kwenda, aliinua mkono.

Tarehe 31 Agosti watu 18 walipanda gari la abiria, lililozoea kuchukua wachumaji wa pamba, wakaenda Indianola, makao makuu ya wilaya. Wengi waliogopa kushuka. Bibi Hamer akashuka. Karani akampa kifungu cha katiba ya jimbo kihusucho sheria zilizopo kwa desturi ingawa hazikuandikwa, akamwambia anakili kisha aeleze maana yake. Aliweza kunakili, kueleza hakuweza, kama ambavyo wengi wa wazungu walioandikishwa wasingaliweza. Njiani kurudi polisi wakalisimamisha gari, wakamtoza dereva faini kwa kosa la gari lake kuwa na rangi ya manjano iliyozidi. Abiria waliingiwa na hofu. Bibi Hamer akaanza kuimba nyimbo za dini, wengine wakaitikia, na wakachanga fedha za faini.

Jioni ileile mwenye shamba alimjia, akamwambia afute maombi yake au ahame. Alijibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya mwenye shamba, bali kwa ajili ya nafsi yake. Akaondoka usiku huo. Mumewe alilazimishwa kubaki mpaka mavuno yaishe. Siku 10 baadaye risasi 16 zilipigwa katika nyumba ya rafiki zake waliokuwa wakimpa hifadhi. Mwezi wa Desemba alikwenda tena kufanya mtihani, na mwezi wa Januari 1963 akaambiwa amefaulu. Alipotaka kupiga kura akaambiwa hana stakabadhi za kodi ya kichwa za miaka miwili.

Akaajiriwa na wale vijana wa SNCC kuwa mhamasishaji, kwa mshahara wa dola 10 kwa juma, ambao mara nyingi haukufika. Tarehe 9 Juni 1963 alikuwa akirudi na wenzake kutoka mafunzo katika jimbo la South Carolina. Katika mji wa Winona baadhi yao waliingia kwenye mkahawa wa stesheni ya magari, mahali palipotengwa kwa wazungu. Wakakamatwa wote. Ndani ya jela polisi wakawaamuru wafungwa wawili weusi wampige Bibi Hamer kwa rungu la ngozi akiwa amelazwa kifudifudi. Wa kwanza alipochoka akaendelea wa pili. Figo zake ziliumia, na jicho moja halikupona kabisa mpaka kufa kwake. Alitolewa jela tarehe 12 Juni, siku ileile Medgar Evers, kiongozi wa haki za watu weusi wa Mississippi, alipouawa mlangoni pake mjini Jackson. Mwezi wa Desemba polisi wa Winona walishtakiwa mbele ya baraza la wazungu watupu, wakaachiliwa.

Mtu mwingine angalirudi nyumbani akanyamaza, wala sisi tusingalimlaumu. Bibi Hamer aliona kwamba mateso yale hayakutokana na ukali wa polisi wachache peke yao. Yalitokana na kura. Sherifu huchaguliwa, hakimu huchaguliwa, na watu wa baraza la hukumu huchukuliwa kutoka daftari la wapiga kura. Asiyeandikwa katika daftari hilo hana ulinzi popote. Akakata shauri kuelekea kwenye mzizi.

Mwaka 1964 aligombea kiti cha Bunge la Marekani dhidi ya Jamie Whitten, aliyekalia kiti hicho tangu mwaka 1941. Katika kura za mchujo za chama cha Democratic alishindwa, kwa maana watu wake hawakuandikishwa. Basi wakatengeneza masanduku yao wenyewe na kufanya uchaguzi wao, ulio wazi kwa kila mtu mzima, ili kuuonyesha ulimwengu. Katika uchaguzi huo Bibi Hamer alipata kura 33,009 na Whitten 59. Kura hizo hazikuwa na nguvu ya sheria, lakini ziliondoa uwongo uliozoeleka wa kwamba watu weusi hawapigi kura kwa sababu siasa haiwahusu.

Mwezi wa Aprili mwaka huohuo walikuwa wameanzisha chama chao, Mississippi Freedom Democratic Party, kilichompokea mtu wa rangi yoyote. Chama cha Democratic cha kawaida cha jimbo kiliwafungia watu weusi mikutano yake. Hivyo chama kipya kilifanya mikutano kuanzia vijijini hadi jimboni, kikachagua wajumbe 68, weusi 64 na wazungu 4, kikawapeleka Atlantic City, kwenye mkutano mkuu wa taifa wa chama cha Democratic, kudai viti vya Mississippi. Majira yale ya joto yalikuwa ya damu. Vijana watatu waliosaidia kazi ya uandikishaji, James Chaney aliyekuwa mweusi, na Andrew Goodman na Michael Schwerner waliokuwa wazungu, waliuawa tarehe 21 Juni, na miili yao ilipatikana tarehe 4 Agosti imefukiwa katika boma la udongo.

Tarehe 22 Agosti 1964 Bibi Hamer aliketi mbele ya kamati ya kupima hati za wajumbe, na televisheni zikamwonyesha kwa taifa zima. Bila karatasi alieleza habari za Indianola, za kufukuzwa shambani, za risasi na za jela ya Winona, kisha akaiuliza nchi yake kama kweli ni nchi ya watu huru. Rais Lyndon Johnson, aliyeogopa kupoteza kura za wazungu wa kusini, aliitisha haraka mkutano na waandishi ili televisheni zimwache mama yule. Zilimwacha kwa muda. Usiku zikarudia maneno yake, na watu wengi zaidi wakayasikia. Simu za kuwaunga mkono wajumbe wale zikamiminika.

Kisha yakaja mapatano. Wakubwa wa chama walikubali kuwapa watu wa Bibi Hamer viti 2, wala si viti vya Mississippi bali viti vya pembeni. Tena waliwachagua wenyewe watakaovikalia: Aaron Henry, mweusi mwenye duka la dawa, na Ed King, mzungu aliyekuwa padri wa chuo. Wote wawili walikuwa watu wema walioteseka kwa ajili ya haki, na walikuwa wajumbe halali. Lakini hakuchaguliwa mwanamke hata mmoja, wala mchuma pamba hata mmoja. Wala wajumbe 68 hawakuulizwa. Baadhi ya viongozi mashuhuri wa watu weusi, Bayard Rustin akiwa mmojawapo, waliwashauri wapokee. Walisema siasa ni kupata kidogo leo na kingine kesho, na kwamba Johnson, aliyetia sahihi sheria kubwa ya haki za raia mwezi wa Julai, asidhoofishwe.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Bibi Hamer aliisikiliza, akaipinga. Aliona kwamba hawakusafiri njia ile yote kwa ajili ya viti viwili, hali wote walikuwa wamechoka sawasawa. Wajumbe wakapiga kura, wakakataa.

Je, alikosea? Sisi twaona ya kwamba hakukosea, na matukio yalimpa haki. Wajumbe wazungu wa Mississippi, ambao kwa ajili yao mapatano yale yalifanywa, waliondoka mkutanoni karibu wote, wakikataa kuahidi uaminifu kwa chama. Mwezi wa Novemba, kati ya kura 100 za jimbo lao, 87 zilimwendea mpinzani wa Johnson. Waliobembelezwa walikimbia, na waliosukumwa pembeni ndio waliobaki waaminifu. Zaidi ya hayo, mkutano ule uliweka ahadi kwamba tangu mwaka 1968 hautapokea wajumbe wa jimbo linalobagua watu kwa rangi.

Mwezi wa Septemba mwaka ule Bibi Hamer alisafiri pamoja na wenzake wa SNCC kwenda Guinea, wakapokelewa na Rais Sékou Touré. Kwa mara ya kwanza maishani aliona watu weusi wakiendesha ndege, wakisimamia benki na kuongoza wizara. Kwetu sisi Waafrika hayo yaweza kuonekana madogo. Kwa mama aliyefundishwa tangu utoto kwamba uongozi una rangi moja, yalikuwa ushahidi wa macho kwamba alidanganywa.

Aliporudi hakutulia. Mwezi wa Januari 1965 yeye, Annie Devine na Victoria Gray walifika Washington kupinga uhalali wa wabunge wa Mississippi, waliochaguliwa hali maelfu ya raia wamezuiwa. Wabunge 149 walikubali kwamba pingamizi lisikilizwe kwanza. Tarehe 17 Septemba 1965 wanawake hao watatu weusi walikaribishwa kuketi ndani ya ukumbi wa Baraza la Wawakilishi wakati shauri lao likiamuliwa. Walishindwa kwa kura 228 dhidi ya 143. Lakini kati ya tarehe hizo mbili, tarehe 6 Agosti, Rais Johnson yuleyule alitia sahihi Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyoondoa mitihani ya makarani na kupeleka waandikishaji wa serikali kuu. Kufika mwaka 1967 watu weusi walioandikishwa Mississippi walikuwa wamefika karibu 60 katika kila 100. Mwaka huohuo Robert Clark alichaguliwa kuingia bunge la jimbo, mtu mweusi wa kwanza humo katika karne ya 20. Na mwaka 1968, mjini Chicago, Bibi Hamer aliingia mkutano mkuu wa chama akiwa mjumbe kamili, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi.

Hakudhani kwamba kura peke yake yashibisha. Aliona watu wakifukuzwa mashambani kwa sababu ya kujiandikisha, na wengine kwa sababu mashine zilichukua kazi yao. Mwaka 1969 alianzisha ushirika wa Freedom Farm, ukianza na eka 40 na kufikia zaidi ya eka 600. Wanachama walilima mboga na pamba. Kwa msaada wa baraza la wanawake weusi la taifa, lililoongozwa na Dorothy Height, walipata nguruwe kama 50. Jamaa ilipewa jike, nayo ikarudisha watoto wake wawili ili wapewe jamaa nyingine. Shamba lile halikudumu. Mafuriko, ukame na deni vililiangusha katikati ya miaka ya 1970. Lakini nyumba nyingi zilikula nyama na mboga wakati ambapo zingelala na njaa.

Mwezi wa Julai 1971 alikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha baraza la kisiasa la wanawake wa taifa, National Women's Political Caucus, pamoja na Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani, na Bella Abzug, Betty Friedan na Gloria Steinem. Nia yao ilikuwa kuongeza wanawake katika vyeo vya kuchaguliwa. Hata humo Bibi Hamer alisema aliyoyaona. Aliwakumbusha wanawake wazungu kwamba wengi wao walikuwa wameketi juu ya mabega ya wanawake weusi waliowafulia na kuwalelea watoto, na kwamba mwanamke mmoja hawezi kuwa huru kwa kumwacha mwenzake kifungoni. Wala hakukubali kumhesabu mumewe kuwa adui. Kuhusu utoaji mimba aliupinga waziwazi, ingawa wenzake wengi waliona vingine. Mwaka huohuo aligombea useneta wa jimbo, akashindwa tena.

Nguvu zake zilikuwa zikipungua. Msichana mmoja aliyemlea alifariki mwaka 1967 akiacha watoto wawili wadogo, na Bibi Hamer na mumewe wakawachukua na kuwalea. Majeraha ya Winona, shinikizo la damu na hatimaye saratani ya titi vilimlaza. Alifariki tarehe 14 Machi 1977 katika hospitali ya Mound Bayou, akiwa na umri wa miaka 59, bila mali yoyote. Mazishi yake yalihudhuriwa na watu wakubwa wa taifa, akiwamo Andrew Young, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, aliyekiri kwamba walioketi vitini walifika huko kwa miguu ya watu kama yeye. Alizikwa Ruleville, katika ardhi iliyokuwa ya ushirika wake.

Mavuno yalikuja baadaye. Mwaka 1986 Mike Espy alichaguliwa kuwa mbunge wa kwanza mweusi wa Mississippi tangu karne ya 19, katika wilaya ya pili, ile ya Delta. Mwaka 1992 Carol Moseley Braun wa Illinois akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Seneti. Tarehe 22 Agosti 2024, miaka 60 kamili tangu Bibi Hamer aketi mbele ya kamati, Kamala Harris alisimama mbele ya mkutano mkuu wa chama kilekile kupokea uteuzi wa kugombea urais, naye hakushinda. Mwezi wa Januari 2025 Bibi Hamer alitunukiwa nishani ya uhuru ya rais, miaka 47 baada ya kufa. Lakini Mississippi yenyewe, iliyokuwa na maseneta weusi wawili katika karne ya 19, tangu Bruce alipoondoka mwaka 1881 hadi uchaguzi wa mwaka 2024 haikupeleka mwingine. Mlango uliofungwa kwa hila za miaka michache huchukua karne kufunguka.

Basi twajifunza nini? Kwanza, kwamba kuna tofauti kubwa kati ya kiti cha kupewa na kiti cha kuchaguliwa. Wakubwa huweza kuwaweka barazani mwanamke mmoja na mtu mmoja wa kabila au rangi iliyodharauliwa, ili picha ipendeze, wakiwachagua wale wasiosumbua. Kiti cha namna hiyo chaweza kuondolewa kesho na yuleyule aliyekitoa. Aliyechaguliwa na watu wake hujua anamjibu nani.

Pili, kwamba baraza huwahitaji watu wa namna mbalimbali kwa sababu ya yale wayajuayo. Katika kamati ile ya Atlantic City walikuwamo wanasheria wengi, wanaume kwa wanawake. Hakuna miongoni mwao aliyeweza kuwaambia Wamarekani jinsi mtihani wa karani unavyofanywa kwa mchuma pamba. Ilibidi aseme aliyeufanya. Sheria juu ya hospitali, mashamba na jela zikitungwa bila watu wa namna yake kuwapo, makosa hayaonekani mpaka yamekwisha kuumiza.

Tatu, kwamba aliyepanda si lazima avune. Twawaomba wasomaji wetu, hasa akina mama wanaosita kusimama katika vikao vya kijiji, vya ushirika au vya taifa kwa kudhani kwamba elimu yao ni ndogo, wamkumbuke mama huyu wa darasa la sita. Alishindwa katika kila uchaguzi wa kiserikali, na bado nchi yake haikubaki kama alivyoikuta. Na wanaume wenye kuketi mlangoni pa mabaraza wajiulize ni nani aliye nje, tena ni nani aliyemweka huko.